Radi Niliyomtia Bi Zuwena na Sidii ya Wanaume

Haya jamani, sogeeni! Aliyekaa akae vizuri, aliyesimama aegemee ukuta, na mwenye chai aiweke chini kwanza asije akapaliwa. Haya nnayokwambieni leo sijamwambia mtu ila mto wangu wa kulalia, na huo mto wenyewe ulicheka mpaka pamba zikatoka.

Nimekosa. Naanza hapo hapo, sizunguki. Nimekosa kwa mdomo wangu, na kwa kidole changu hichi hichi kilichobonya pasipobonywa. Jina langu lisiandikwe, nawaombeni. Likiandikwa, Maskati nzima itajua, na nusu yao washajua!

Mie ni mpiga video wa harusi za wanawake. Sikusoma. Skuli nilikuwa nakwenda kwa ajili ya mandazi tu, na mandazi yalipokwisha na mie nikaisha. Kiingereza changu "yes" na "no", na hizo mbili mara nyengine zinanipotea.

Nnazungumza miaka ile simu za kubonya, sidii zinasikilizwa garini. Nilikuwa na kichumba changu Hamriya, juu ya duka la fundi cherehani. Ngazi yake nyembamba! Siku moja mteja mmoja mnene alikwama katikati, tukawa tunampa chai na sambusa palepale mpaka alipopungua akashuka.

Sasa kazi hii kwetu haifanywi na mwanamme. Harusini mwanamke kavua buibui, nywele wazi, mabega wazi, kajipamba mpaka mumewe hamjui. Picha ile mwanamme wa kando haruhusiwi hata kuichungulia. Kwa hiyo napiga mie, nakata mie, nafungia kabatini mie. Hata yule fundi wa Kihindi alokuja kunitengenezea kompyuta, kioo nilikifunika kanga. Maskini, katengeneza kwa kupapasa!

Ndiye huyo alonitilia programu ya kurusha majina. Jamani, programu ile! Imejaa mambo yaliyokwisha pikwa. Unabonya, jina la biharusi linashuka kama mawaridi. Unabonya pengine, linawaka nyota. Wenyewe wanaviita priseti. Mie nikaviita vyakula vya kopo: fungua, pakua, ule.

Majina yake ya Kiingereza siyajui, nikayahifadhi kwa pahala pake. La juu kabisa Mawaridi. La chini yake Mvua ya Dhahabu. Kisha Njiwa. Na kule mwisho kabisa, pembeni, peke yake kama mtu alofukuzwa ngomani, kulikuwa na Radi.

Radi ile ukiibonya kioo kinakuwa cheusi, mbingu inapasuka, moshi unatanda, halafu ndani ya moshi anatokea mtu. Nnadhani ilitengenezwa kwa filamu za mashetani. Sikuwahi kuitumia. Nilikuwa nikiifungua nikiwa peke yangu, nikijitisha, basi.

Na kazi ikimalizika, lazima uitoe kwenye kompyuta. Wenyewe wanaita kueksipoti. Hapo nako unaweza kujipikia kopo lako mwenyewe: unapanga mara moja, unaliweka, siku nyengine unabonya tu. Mie nilikuwa nayo mawili. Moja nimeliita Wanawake, linatoa picha na nyimbo. La pili nimeliita Wanaume, linatoa sauti tupu.

Kwa nini sauti tupu? Kwa sababu wanaume wetu, picha hawaruhusiwi, lakini taarabu ya harusini wanaitaka! Waimbaji wanalipwa, nyimbo zinaimbwa upande wa wanawake, na baba mtu alotoa pesa zote yuko nje anatafuna halwa, hajasikia kitu. Basi nikawa nawatolea sidii ya nyimbo peke yake, waisikilize garini. Fikra yangu mie hiyo! Nikajiona mwerevu kuliko aliyevumbua feni.

Sasa tegeni masikio, maana kosa limekaa hapa.

Kwenye ile programu kila kitu kina mstari wake. Mstari wa juu picha, wa kati nyimbo, wa chini ni ile sauti iliyoingia kwenye kamera yenyewe, makelele ya ukumbini. Kopo langu la Wanaume mwanzo lilichukua mstari wa nyimbo, lakini nililipika upya siku ya maulidi fulani, na siku ile wasomaji sauti yao iliingia kwenye kamera, iko mstari wa chini. Nikaiambia programu: chukua wa chini tu, wengine wanyamaze. Maulidi yakatoka safi, nikashangilia kwa halwa. Nikalihifadhi kopo vile vile lilivyo. Nikasahau.

Ehe. Nikasahau!

Basi ikaja harusi ya mtoto wa mwisho wa Bi Zuwena wa Sibu. Alokuja dukani kuniagiza kazi ni kaka yake bwanaharusi, anaitwa Nassor. Mrefu, mpole, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa ikukate. Akasimama nje ya pazia, kainamisha kichwa, tukazungumza yeye huko mie huku.

Akaondoka. Kesho karudi, kasahau kuniambia saa. Keshokutwa karudi, kasahau kuniambia ukumbi. Siku nyengine karudi kuniuliza kama kamera yangu inatumia umeme! Mie na maneno yangu, yeye anacheka nyuma ya pazia, pazia linatikisika. Jamani, nilikuwa nishafika umri ule shangazi zako wanaacha kukuuliza, wanakutazama tu na kukuongezea wali. Nikajisemea: ewe Mola, huyu nipe huyu, sitaomba tena kitu mpaka Ramadhani.

Siku ya harusi ikafika. Nilikwenda na binamu yangu Raya, ndiye anoshika taa. Raya na mie tukikutana ni balaa. Yeye anacheka kimya kimya, mabega yanaruka, na mie nikiona mabega yale ndo nazidi.

Mara mlango wa ukumbi ukafunguliwa, akaingia Bi Zuwena, mama wa bwanaharusi. Lo! Mama yule ukubwa wake, akiingia yeye watu wawili wanatoka kumpisha hewa. Nguo ya kijani inang'ara, na shingoni lulu, tabaka juu ya tabaka, mpaka kiunoni.

Kamera iko begani mwangu. Mdomo wangu uko hapa, kipaza sauti cha kamera kiko hapa. Mnaona? Kidole kimoja baina yao!

"Raya, tazama mlangoni! Huyu mama wa bwanaharusi, au meli inatia nanga?"

"Nyamaza we, atakusikia!"

"Hasikii, lulu zishamziba masikio. Na lulu zile kama si za plastiki, mie nakula kamera hii na betri yake."

"Mama mkwe wako huyo, inshallah."

"Ndo maana nampima mapema! We ngoja nifike dukani. Wenzake wote nawatia mawaridi. Huyu namtia radi! Anaingia na moshi wake, kama jini katolewa chupani! Uwiii, nishikeni nnaanguka!"

Hilo la "nishikeni nnaanguka" ndilo neno langu. Nikicheka nalisema, nikiungua nalisema, nikishtuka nalisema. Likumbukeni.

Na sikukoma hapo. Usiku kucha! Namna anavyokula, namna anavyocheza kiti kikilia, namna anavyoamrisha waimbaji kama anaongoza magari. Mola anisamehe, nilikuwa na furaha, na furaha ikinishika ulimi unakatika kamba.

Nikafika dukani, nikafanya kweli. Wanawake wote nikawamwagia mawaridi. Alipofika Bi Zuwena, nikateremka mpaka kule pembeni, nikabonya Radi. Mbingu ikapasuka! Moshi! Ndani ya moshi, Bi Zuwena na lulu zake. Nikacheka mpaka fundi cherehani chini akagonga dari kwa fagio.

Kisha nikatoa picha kwa kopo la Wanawake, nikatoa na sidii moja kwa kopo la Wanaume, ya baba yake bwanaharusi, Mzee Khalfan. Nyengine tuzitoe akishaikubali. Sikuisikiliza! Nani anasikiliza chakula cha kopo kabla hajala? Nikaitia ndani ya kasha lenye maua, Nassor akaja kuchukua.

Nikakaa nasubiri kutukanwa kwa ile radi.

Wapi! Bi Zuwena kaitazama, karudisha nyuma, katazama tena. Kaita majirani. Kaita majirani wa majirani. Nnavoambiwa, Sibu yote imepita sebuleni kwake kutazama anavyoingia na radi.

"Huyu binti ndiye alonijua!" anawaambia. "Wenzangu wote kawatupia maua kama makaburi. Mie kanipa radi! Heshima hiyo! Binti wa nani?"

Nassor akaona mlango umefunguka, akapita. "Mama, binti mwenyewe ndiye huyo nilokuwa nataka kukwambia."

"Basi unangoja nini? Posa ipelekwe!"

Jamani! Nnaposwa kwa ajili ya radi! Mama yangu alipoletewa habari alisujudu, akainuka, akasujudu tena. Mie nikacheza dukani peke yangu, nikaiomba radhi ile priseti nilokuwa nimeitenga.

Furaha ile iliishi mpaka Nassor alipokuja nyuma ya pazia kunieleza siku ya posa.

"Halafu Baba anakusalimu," akasema. "Sidii yako anaipenda vibaya. Haitoki garini. Sie tukipanda anaizima, lakini akiwa peke yake tunamwona kwa mbali anacheka mpaka kofia inamvuka."

Nikasema, "Anacheka?"

"Anacheka."

Taarabu ile ilikuwa ya mtu kaachwa na mpenziwe! Pana nini pa kuchekesha?

Alipoondoka tu nikaifungua nakala yangu kwenye kompyuta. Nikasubiri fidla. Hakuna fidla. Nikasikia: "Raya, tazama mlangoni! Huyu mama wa bwanaharusi, au meli inatia nanga?"

Nilikaa chini ya meza na kompyuta yangu inaendelea kunitukania mama mkwe, sauti safi kabisa, hata mabega ya Raya nadhani yalisikika.

Nikampigia Raya. "Sidii lazima itoke kwenye gari lile kabla ya posa. Lazima!"

"Mie simo."

"Na sauti yako imo!"

"Nnavaa buibui nakuja."

Mzee Khalfan kila Ijumaa asubuhi anakwenda soko la Mawaleh kununua muhogo na ndizi mbichi. Tukamfuata huko, tumejifunika nikabu, macho tu nje. Hatukumtafuta sana. Tulifuata sauti yangu! Wallahi, naisikia kwa mbali inapita juu ya vitunguu: "Uwiii, nishikeni nnaanguka!"

Landkruza mlango wazi, Mzee kakaa miguu nje, machozi yanamchirizika kwa kicheko. Wachukuzi wa soko wamemzunguka, Kiswahili hawajui hata neno, na wao wanacheka kwa sababu Mzee anacheka.

Hapo ndo nikaona mtihani wangu. Nimwombe sidii vipi? Nikifungua mdomo atanijua! Nikamtazama Raya aseme yeye. Raya akanitazama. Na yeye yumo mule mule! Tukasimama kama vinyago viwili vya duka la nguo.

Nikaikamua sauti, ikatoka nyembamba, nikajifanya mtu wa bara: "Shikamoo, baba. Sisi tumetoka studio. Tumekuja kuchukua hiyo sidii. Imeharibika."

"Imeharibika?" Mzee akaikumbatia redio ya gari kama mtoto. "Hii? Binti, katika harusi nzima kitu kilichotengenea ni hiki peke yake!"

"Tutakuletea yenye nyimbo, baba."

"Nyimbo za nini? Nyimbo nimesikia toka Unguja. Nisikilize. Mke wangu nampenda, Mola shahidi. Lakini lile neno la meli, mie nnalo moyoni toka siku aliyoingia kwangu, sikupata kulitamka! Leo mtu kanisemea. Sitoi ng'o! Na huyo bibi anosema humu ndani mpelekeeni hizi."

Akatukabidhi mkungu wa ndizi. Tukarudi Hamriya na ndizi badala ya sidii. Raya alilia njia nzima, na mie sijui mpaka leo kama alikuwa analia au anacheka, maana kwake yeye ni mabega yale yale.

Basi nikakata shauri: siku ya posa sisemi. Sitoi sauti mpaka nishaolewa! Nikishakuwa ndani, nitasema kidogo kidogo, wanizoee.

Siku ikafika. Wanaume wakaingia majlisi, sie wanawake tuko sebuleni, baina yetu pazia. Bi Zuwena kaja na dada zake, na lulu zake. Mie nakwenda na kurudi na kahawa, macho chini, kimya kama sahani.

"Mashaallah," anasema Bi Zuwena. "Binti mpole! Hata jina lake kalisema kwa kichwa."

Mama yangu ananitazama kwa wasiwasi. Akanivutia jikoni. "Unaumwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Wewe? Hujasema toka asubuhi? Nikuitie daktari?"

Nikamkimbia. Nikachukua chetezo cha udi, nimfukize mgeni wangu kwa adabu zote. Nikainama mbele ya Bi Zuwena, moshi unamzunguka, na mie shetani kanijia akilini: tazama, anatoka kwenye moshi kama kwenye video! Kicheko kikanipanda. Nikakibana. Chetezo kikayumba. Kaa la moto likaruka likanikalia juu ya mguu.

"UWIII, NISHIKENI NNAANGUKA!"

Nyuma ya pazia, sauti ya Mzee Khalfan, ina furaha kama kaona mwezi wa Idi:

"Huyo! Huyo huyo! Bibi wa meli!"

Bi Zuwena akageuza shingo. "Meli gani?"

Huko majlisi vikombe vya kahawa vikawekwa chini kimoja kimoja.

"Khalfan. Meli gani?"

"Meli... meli ya mchele, mama watoto. Imechelewa."

"Khalfan!"

Alilitaja jina tu, jamani, na mkono wa Mzee ukatokeza chini ya pazia, umeshika sidii; kumbe kaitoa garini kaja nayo mfukoni. Na mama yangu, maskini mama yangu asojua kitu, akaipokea akafurahi: "Ah, taarabu ya harusi! Tusikilizeni kidogo, posa imechangamka." Akaitia kwenye redio. Mwenyewe!

Sitaki kuwaeleza zile dakika. Meli ikatia nanga. Lulu zikawa za plastiki. Jini likatolewa chupani. Kila neno nalijua linalokuja, na siwezi kulizuia. Raya alikuwa nyuma ya kochi. Mama yangu kashika redio, kwa khofu kasahau pa kuizimia, akaizidisha sauti!

Ilipokwisha, nikangoja kofi. Bi Zuwena hakunipiga. Alivua lulu zake, tabaka moja moja, akanitilia kiganjani.

"Zipime," akasema. "Nyepesi, sio? Hukukosea. Za plastiki. Za kweli mama yangu aliziuza tulipofika huku kutoka Unguja, tupate kula. Alipopata pesa kidogo akaninunulia hizi soko la Matrah, nisiolewe shingo tupu."

Nilisimama na zile lulu mkononi, nyepesi kama punje za bisi, na sijapata kubeba kitu kizito kama kile.

Akazichukua, akavaa buibui, wakaondoka. Halwa haikuguswa. Nassor alipita mlangoni kainamisha kichwa kama siku ile ya kwanza, lakini safari hii hakuna kilichotikisika.

Basi, wenzangu, hayo ndo yalonifika. Habari ikaenea kuliko sidii. Nikiingia ukumbini na kamera, midomo yote inafungwa! Nimepiga harusi nzima wanawake wanazungumza kwa vidole. Biharusi mmoja aliniambia kamera yangu ivishwe soksi. Mama hakunisemesha, ananiwekea chakula anaondoka, mpaka nikawa nazungumza na zile ndizi za Mawaleh, na zenyewe zikaoza.

Nyie mnofanya kazi hizi, nawaombeni kama ndugu. Ukitoa sauti, isikilize! Isikilize yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kabla haijatoka mlangoni. Kopo ulilolipika kwa karamu moja usilifungue kwenye karamu nyengine bila kunusa. Na kama kamera iko begani, mdomo ufunge. Na zaidi ya yote, ukimcheka mtu shingo, kwanza ujue nani alimvika.

Sasa mtaniuliza: na posa?

Nilikaa, nikalia, nikachoka kulia. Nikafungua ile video. Nikaitoa Radi, nikamwekea Bi Zuwena Mawaridi, mazuri, yanashuka polepole, na lulu zake nikaziongezea mng'aro ule wa Mvua ya Dhahabu. Nikaitoa, nikaitazama yote, nikaisikiliza yote. Nikapanda teksi mpaka Sibu.

Mlango alinifungulia Mzee Khalfan. Aliponiona akaweka kidole mdomoni, akaninong'oneza: "Sidii kaivunja. Una nyengine?" Nikapita.

Bi Zuwena yuko sebuleni, lulu shingoni. Nikambusu kichwa, nikambusu mikono, nikamwambia nimekosa, sina la kujitetea, mdomo wangu hauna mlango. Nikamwekea video mpya, nikakaa chini sakafuni. Huko nyuma ya pazia namsikia Nassor anakohoa, kikohozi cha mtu asiyekuwa na kifua.

Yakashuka mawaridi. Akatokea Bi Zuwena ndani yake. Akaitazama mpaka mwisho, uso haucheki haununi.

"Mawaridi ya nini haya?" akasema. "Nimekufa?"

"La, Bi Zuwena, nilitaka..."

"Rudisha radi yangu!"

"Naam?"

"Radi yangu rudisha! Sibu nzima washaiona, nitawaambia nini? Na acha kulia, unanitia maji kwenye zulia."

Nikafuta machozi kwa mtandio. Nikapata ujasiri wa panya, nikauliza kwa ile sauti yangu nyembamba ya kujifanya mtu wa bara: "Na... na posa, mama?"

Akazishika lulu zake, akavuta pumzi, na nyumba nzima ikamsikia, mpaka pazia likaanza kutikisika:

"Posa iko palepale! Lakini harusi yako kamera nnashika mie, na sidii ya wanaume nnaitoa mie!"